Nyuzi Kumi na Tisa

Songo Mnara, Kilwa
10 Februari 2025

Mwalimu Faustino,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima na presha imetulia. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua simu yako hulala kabatini chini ya mashuka, na kwa sababu huku mtandao unapatikana mpaka upande juu ya tangi la maji, nami nimevaa gauni.

Hatimaye nimeanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Yule Lusia uliyemrudisha ubaoni mara nne kwa ajili ya pembetatu moja sasa anachunguza jinsi watoto wanavyofikiri wanapojifunza jiometri. Utacheka, najua. Zamani watafiti walihesabu majibu yaliyo sawa na yasiyo sawa, basi. Siku hizi mambo yamegeuka. Tunataka kujua mtoto anaona nini kabla hajapima, analigeuzaje umbo kichwani, na mikono yake inasema nini wakati mdomo umekwama. Wanasema kuna ngazi. Katika ngazi ya kwanza mtoto analitambua umbo kwa macho tu, kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua shangazi yake. Ngazi ya pili anaanza kuona sifa, yaani pande na pembe. Kutoa sababu kunakuja baadaye sana.

Nimechagua kisiwa hiki kwa sababu yako. Ulitusimulia kidato cha tatu kwamba ulianzia kazi huku kwenye shule ya msingi. Ulisimulia mara moja tu, hukurudia.

Sasa sikia. Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi mno: nimewapa darasa la sita karatasi nyeupe isiyo na mistari nikasema, chora mstatili wowote. Kokote duniani watoto huulaza mstatili sambamba na ukingo wa karatasi. Mraba ukiuinamisha kidogo tu, wanakwambia huo si mraba tena. Hapa nina watoto arobaini na mmoja, na thelathini na wanane wamechora mstatili mwembamba uliokaa mshazari, yote imeinamia upande mmoja. Watatu waliobaki walihamia Januari kutoka bara. Hao wamechora kama watu wengine.

Nimepanga kwa Bi Mwanaima, mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na shule. Nilipomwambia kuwa wewe ndiye uliyenifundisha, aliendelea kumenya, kisha akauliza, "Bado anapima?" Nikamjibu umestaafu. Akasema haya. Ni mama mwema mwenye utaratibu wake. Mkeka wake wa kulalia ameutandika mshazari katikati ya chumba, haufuati ukuta wala mlango, na ukiingia lazima uiruke pembe yake.

Niambie unaonaje kuhusu hiyo mistatili. Nimekosea wapi?

Mwanafunzi wako,
Lusia


Rasbura, Lindi
21 Februari 2025

Lusia,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta aliyeipokea Nangurukuru, ina doa la mafuta ya chapati. Mjukuu wangu Debora amenisomea, na ndiye anayeandika haya ninayoyasema, maana jicho la kushoto limefunga na la kulia linaona kama liko nyuma ya chandarua. Makosa ya herufi ni yake. (Si kweli. Debora.)

Unatafuta mzimu mahali penye dawati. Kwanza, je, madawati yamepangwa sawasawa, au yameelekezwa ubaoni kwa upande? Pili, dirisha liko wapi? Mtoto hugeuza karatasi akimbie kivuli cha mkono wake. Tatu, na hili ndilo jibu lenyewe, wanatazamiana. Mmoja wa mbele kachora mshazari, wa nyuma yake kaiga, mpaka ukutani. Hao wageni watatu wameketi wapi? Nyuma kabisa, nadhani, hawana wa kumwiga.

Fanya hivi. Kata karatasi za duara, zisiwe na ukingo wa kuufuata. Watoe nje. Waketishe kwenye mduara, kila mmoja akitazama nje na mgongo wake ukiwa kwa wenzake. Kabla hawajaanza, weka alama ya kaskazini nyuma ya kila karatasi. Wakimaliza utaona mistatili imekwenda kila upande, nawe utalala usingizi.

Sema unachoona kabla ya kusema unachojua. Nilikufundisha hilo bure, litumie.

Bi Mwanaima simkumbuki vizuri. Kisiwa kilikuwa na akina mama wengi.

Mwalimu wako,
F. Nampanda


Songo Mnara
7 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo, wewe na macho yako, na Debora msalimie kwa kuzitetea herufi zake.

Nimefanya ulivyosema. Karatasi za duara nilizikata kwa bakuli la Bi Mwanaima. Watoto waliketi uwanjani wakitazama nje, hakuna aliyemwona mwenzake, na jua lilikuwa la utosi. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja, kwa hiyo wote tulikuwa na njaa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya utundu.

Zilipokusanywa zilinifurahisha. Mmoja kachora hivi, mwingine vile, kila mstatili na upande wake, nikasema Mwalimu kashinda. Kisha nikafanya jambo ambalo hukuniambia. Nikazipeleka ndani na kuzipanga sakafuni, kila karatasi nikiigeuza mpaka alama yake ya kaskazini ielekee kaskazini kweli. Nilipoinua mgongo, Mwalimu, mistatili thelathini na minane ilikuwa imelala upande mmoja. Wametazama pande zote za dunia na wamechora kitu kimoja mahali pake.

Nimepima kwa kipimapembe na dira ya simu. Upande mrefu unakwenda mashariki na magharibi, lakini umepotoka. Umepotoka kwa nyuzi kumi na tisa. Aliyepotoka zaidi ana ishirini, aliyepotoka kidogo ana kumi na nane.

Kuna jambo jingine ambalo mara ya kwanza nililidharau. Kwenye kona ya kaskazini mashariki kila mmoja ameweka alama: kiduara kidogo chenye mstari mfupi ndani yake. Nilidhani ni alama ya pembe waliyofundishwa. Mwalimu wao wa hesabu anasema hajawahi kufundisha alama kama hiyo.

Nilimuuliza Naima, binti anayetumia mkono wa kushoto, kwa nini amechora hivyo. Akasema, "Ndivyo ulivyo." Nikamuuliza, nini? Akasema, "Mstatili." Nikamuuliza uko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa pua yake iko wapi, akasema, "Si huo hapo?" Wala hakunyoosha kidole.

Sijalala vizuri. Nijibu haraka.

Lusia


Rasbura
14 Machi 2025

Lusia,

Barua hii naandika mwenyewe, naweka rula chini ya kila mstari nisipande wala kushuka. Kuanzia sasa niandikie kwa herufi kubwa, nitasoma mwenyewe. Debora ana mitihani, tusimsumbue.

Nina maswali matatu. Hiyo alama iko ndani ya mstatili au nje kidogo ya kona? Umemwonyesha nani karatasi hizo? Na nyuma ya shule bado kuna vichaka, au wamelima?

Utafiti wako una maumbo mengi. Nakushauri uache mistatili, uende kwenye pembetatu. Karatasi zile zichome, hazina faida, sampuli ni ndogo mno.

F. Nampanda


Songo Mnara
24 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeandika kubwa kadiri nilivyoweza.

Alama iko nje kidogo ya kona. Nyuma ya shule bado ni vichaka. Karatasi sijazichoma, na nashangaa mwalimu aliyenifundisha kutunza hata hesabu niliyokosa anaweza kunishauri hivyo. Sampuli ndogo haichomwi, huongezwa. Wewe ndiye uliyesema.

Niliamua kuondoa karatasi kabisa. Siku hizi kuna watafiti wanaosema kwamba jiometri haiko kichwani tu, iko mwilini, na kwamba mtoto anaweza kuonyesha kwa mikono na miguu kitu asichoweza kukitamka. Alhamisi iliyopita niliwapeleka uwanjani saa nne asubuhi. Nikawaambia, hakuna penseli wala kuongea, nionyesheni mstatili kwa miili yenu. Nilitegemea washikane mikono, wanne wawe kona. Wale wageni watatu ndivyo walivyoanza kufanya.

Wengine walilala chini. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walilala kwa ubavu wa kulia, safu moja nyuma ya nyingine, mikono mbele, macho yamefumbwa, vichwa upande wa mashariki. Nilitoa simu nikapima safu ya kwanza. Unajua nilichokipata.

Katikati ya safu ya pili palikuwa na nafasi. Urefu wa mtoto mmoja. Nilidhani kuna aliyetoka, nikawahesabu, wote thelathini na wanane wapo. Nilipowaambia waamke, walipanguka kila mmoja kwa njia yake, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga pale.

Bi Mwanaima alikuwa anapita na karai la mihogo ya kuuza jioni kwa futari. Alilitua chini. Akasema jina moja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula: "Esha." Nikamuuliza Esha ni nani. Akasema, "Muulize mwalimu wako."

Niliporudi nyumbani, yeye akiwa kisimani, niliingia chumbani kwake nikapima mkeka. Najua ni utovu wa adabu. Ni nyuzi kumi na tisa, Mwalimu.

Sasa nakuuliza nami, na swali langu ni moja. Esha ni nani?

Lusia


Rasbura
10 Aprili 2025

Lusia,

Nimeketi mezani tangu asubuhi. Debora nimemtuma sokoni akanunue vitu nisivyovihitaji.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka thelathini na mitano na dira ya shaba niliyozawadiwa chuoni. Nilikuwa natembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Esha alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, mtoto wa pekee wa Bi Mwanaima. Ndiye aliyewahi kuniuliza kama mstari ulionyooka unajua kwamba umenyooka. Nilimpenda kwa swali hilo. Homa ikamchukua kwa siku tatu.

Shehe na wanaume wengi walikuwa Kilwa Kivinje kwenye maulidi, na bahari ilichafuka, hawakuweza kuvuka. Mazishi hayasubiri. Wakakubaliana azikwe nyuma ya shule, mahali papya kwenye vichaka ambako msikiti hauonekani, na siku hiyo mawingu yalifunika jua tangu alfajiri. Waliobaki walisitasita kidogo kuhusu kibla. Mimi, Mkatoliki wa Newala, niliyekuja juzi, nikasema niachieni, nina kipimo.

Kibla cha huko ni kaskazini, unajua. Kaburi linalala mashariki na magharibi, maiti analazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwangu ilikuwa kazi ndogo. Nilinyoosha futikamba ya chuma ardhini, nikaiweka dira juu yake ili niusome mstari vizuri. Juu ya chuma, Lusia. Na mtaimbo wa kuchimbia ulikuwa umelala hatua moja pembeni. Ni kosa la kwanza ninalomkanya kila mtoto, nanyi niliwakanya.

Bashiru mchimbaji aliviangalia vigingi nilivyopigilia akasema, "Mwalimu, mimi naona kama pamepinda." Nikamjibu, "Bashiru, hapa tunakwenda kwa kipimo, hatuendi kwa macho." Baba yake Esha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Kesho yake jua lilitoka. Nilirudi pale peke yangu, nikaiweka dira chini, mbali na kila kitu. Sindano ikageuka. Nilipima mara tatu nikipata jibu lile lile ulilolipata wewe.

Siku ile bado ilikuwa inawezekana kusema. Shehe alirudi jioni, wangemfukua, wangemgeuza, wangenisamehe. Niliona aibu. Ilikuwa aibu ya kusikia watu wakisema kwamba mchimbaji asiyejua kusoma aliona, na mwalimu wa hesabu hakuona. Ninyi mnasema ngazi ya macho ndiyo ya chini kabisa. Bashiru alikuwa ngazi hiyo, na alikuwa sahihi. Nikaichimbia dira pale pale, nje kidogo ya kona ya kaskazini mashariki, penye kigingi, kina cha kiganja, ili nisiwe na cha kupimia tena. Hakuna aliyeniona. Muhula ulipoisha nikaomba uhamisho.

Sijamwambia mtu yeyote, si marehemu mke wangu, si padri. Bashiru amekufa, baba yake Esha amekufa. Watoto unaowafundisha, wazazi wao wengi walikuwa bado watoto wadogo. Sijui wamejuaje. Nimekaa na swali hilo tangu Machi, na ninaogopa, Lusia, nasema wazi.

Msomee Bi Mwanaima barua hii. Mimi sina uso wa kumtazama.

Faustino


Songo Mnara
20 Aprili 2025, Pasaka

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeisoma peke yangu kwanza, na nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikakasirika tena. Baadaye nilimsomea Bi Mwanaima akiwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna mpaka nilipofika kwenye jina la Bashiru.

Haya ni maneno yake, nimeyaandika anavyoyasema:

"Mwambie nilijua. Bashiru aliniambia wiki ile ile. Sikusema kwa sababu baba yake Esha alikuwa ameanza kula tena, nikaogopa akisikia ataacha. Siku zikaenda, mwili ukawa udongo, nikaambiwa maiti asisumbuliwe. Nikasema basi, kama mwanangu amelazwa upande, mimi silali nimenyooka. Naswali kuelekea kibla, ila kulala nalala naye. Miaka thelathini na mmoja. Hakuna mtoto niliyemfundisha hilo, wala hakuna niliyemwambia. Na wao nawaona wanavyochora, si mwaka huu tu. Kila darasa la sita. Huyu Lusia ndiye wa kwanza aliyezipanga karatasi sakafuni."

Nilimuuliza kama ana ujumbe. Akasema, "Barua siitaki. Alikuja mwenyewe na kipimo chake, aje mwenyewe na mdomo wake."

Sikutaka kukuambia jambo hili, lakini umenifundisha kutoficha namba. Tarehe 10 Aprili, siku uliyoandika, nilikuwa na zoezi. Barua yako ilikuwa bado mezani kwako Rasbura. Mistatili ilikuwa imegeuka. Nilipima yote kisha nikatafuta wastani: nyuzi tisa na nusu. Tangu siku hiyo haijasogea.

Njoo, Mwalimu. Bi Mwanaima ana kikohozi ambacho hakinipendezi.

Lusia


Rasbura
2 Mei 2025

Lusia,

Daktari amekataa, mwanangu amekataa, Debora amenifichia viatu. Nakuja. Jumanne tarehe 13 nitashuka Nangurukuru, nitafute kwa mama wa chapati. Usimwambie Bi Mwanaima nina hali gani ya macho, asije akanihurumia kabla sijasema.

F.


Songo Mnara
30 Mei 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Debora kanipigia nilipokuwa Kilwa Masoko, kasema tangu urudi hutoki kitandani ila unakula na unatania. Nimeshukuru kwa yote mawili.

Kuna mambo ambayo hukuyaona, kwa macho yako hayo, nami nataka uyajue. Ulipopiga magoti kwenye vichaka ukakataa jembe, ukafukua kwa kijiko cha chai, Bi Mwanaima alikuwa nyuma yako anakushikia mwavuli. Alikushikia wewe, yeye alikuwa juani. Ulipoitoa dira ulisema haina kitu, imekufa. Haikufa. Kioo kimepasuka na shaba imekuwa kijani, lakini alipoifuta kwa khanga sindano ilitikisika ikaenda kaskazini. Ulipomwambia kwa mdomo wako akajibu "Nimesikia," wewe ulisubiri neno jingine, nilikuona. Hakuwa na jingine. Ila ulipoondoka alikaa kizingitini akasema, "Amezeeka sana kwa ajili ya jambo ambalo angelisema siku moja."

Shehe amekuja. Hakuna kilichofukuliwa. Ameyapanga upya yale mawe mawili ya kaburi, la kichwani na la miguuni, kwa mstari ulionyooka, na dua ikasomwa. Dira iko ndani ya kopo la sukari kwa Bi Mwanaima. Kikohozi kimepungua. Na juzi, nilipoingia chumbani kwake kuchukua ungo, nilijikwaa mahali ambapo nimezoea kuruka. Mkeka umehamishwa. Umelala sambamba na ukuta.

Jana nimewapa watoto zoezi la mwisho. Karatasi nyeupe, chora mstatili wowote. Mwalimu, wamechora ovyo kabisa. Mistatili imelala kivivu kwenye ukingo wa karatasi, mingine mifupi, mingine mirefu, mmoja una pande tano. Hakuna alama yoyote. Nililia mbele ya darasa kwa furaha ya kuona makosa ya kawaida.

Karatasi moja tu ndiyo tofauti, ya Naima wa mkono wa kushoto. Yeye kachora mistatili miwili. Wa kwanza ni ule mdogo, umenyooka sawasawa. Wa pili uko mbali nao, ni mrefu, na kwenye ncha moja ameweka alama ya kujumlisha. Nilimuuliza huu ni wa nani. Akasema, "Wa mwalimu." Nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya daftari. Mimi pia ni mwalimu, na nina msalaba shingoni. Mstatili huo sikuupima. Siwezi kuupima.

Wako,
Lusia


Rasbura
11 Juni 2025

Lusia, mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa rula kama kawaida, na mstari huu naona umepanda, uache ulivyo.

Nililala usingizi mzima niliporudi kutoka huko, wa kwanza tangu nikiwa kijana. Nimempigia padri, amekuja, nimemweleza na yeye. Alitaka kunifariji, nikamwambia Bi Mwanaima alinijibu neno moja na limenitosha. Naliwaza neno lile kila asubuhi. Sikustahili zaidi ya hilo.

Sasa kuhusu karatasi ya Naima. Usiogope, si wako. Wewe ni mfupi, hata kwenye kiti cha mbele cha gari miguu yako haigusi chini. Ifungue uupime. Mimi nina futi tano na inchi saba, na kwa mizani ya watoto wale, wanavyomchora Esha, utapata jibu kwa hesabu ya uwiano ya kidato cha pili. Nakuomba ufanye hivyo kwa sababu mtoto amejitahidi, na kwa sababu mtafiti haachi karatasi moja kwa kuwa haipendi. Iandike kwenye tasnifu yako au usiiandike, lakini upime.

Debora amezikuta barua zako zote, kazisoma bila ruhusa. Siku ya pili akauliza kama anaweza kusomea hesabu. Nimemwambia akuulize wewe.

Siku ikifika, njoo Rasbura mapema, kabla vijana hawajaanza kuchimba. Watakuwa na haraka na kila mmoja atasema anajua. Usiwaachie. Muulize mchimbaji kwanza anaonaje, na akisema pamepinda, msikilize. Kisha pima mwenyewe kwa kamba ya katani, na mtaimbo uweke mbali.

Faustino